Kutoka Carlsbad hadi Portland: siku nane na kapelani wa wanaskeiti

Siku ya kwanza, Alhamisi. Carlsbad

Tumeondoka saa mbili asubuhi, watu wanane katika vani moja: wanaskeiti wanne, yaani watu wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, mmoja wao msichana wa miaka 17, mama yake, mpiga picha, Mzee, na mimi. Mbao zimefungwa nyuma pamoja na boksi la barafu, ufagio mpana, ndoo, na sanduku la huduma ya kwanza ambalo kifuniko chake kimeshikwa kwa kamba.

Mzee ndiye kapelani. Mimi nimekuja kujifunza kwake. Miaka ya themanini aliteleza kwa kulipwa, mpaka goti la kushoto likagoma. Kanisa lake lilimwekea mikono kwa kazi hii moja tu, kuwalea kiroho watu wa ubao. Kampuni ya mbao iliyogharimia safari hii ya kupiga video haimlipi kitu. Ilimkubali aendeshe gari, apike na afunge vidonda, kwa sharti kwamba hatahubiri mbele ya kamera. Akawajibu kwamba wasingeliweka wao, yeye mwenyewe angeliweka.

Carlsbad, California, ni mahali pa kuanzia kwa mtu anayetaka kuuelewa mchezo huu. Mwaka 1976 palifunguliwa hapa kiwanja cha skeiti, kati ya vya kwanza kabisa duniani. Karibu na hapo, Encinitas, mwanzoni mwa miaka ya sabini Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya yurethani, aina ya plastiki laini. Kabla yake magurudumu yalikuwa magumu kama kigae, na kijiwe kidogo tu kilitosha kukuangusha kifudifudi. Yurethani inaishika sakafu. Bila hiyo, kuta za mviringo zisingepandika.

Lakini Mzee hakusimamisha gari kwa ajili ya magurudumu. Alizima injini, akatusimulia habari za Mark Rogowski, aliyejulikana kama Gator, nyota mkubwa wa miaka ya themanini aliyeokoka kwa kishindo. Mwaka 1991 alimuua mwanamke kijana papa hapa Carlsbad. Baadaye akaungama kwa mtu wa kanisani aliyekuwa karibu naye, na habari ikafika polisi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 31 hadi maisha.

Ndani ya gari palikuwa kimya. Mzee aliomba, na alianza na familia ya marehemu. Jina la Gator lilikuja mwisho. Kisha akanigeukia: "Nyota akiokoka, kila mtu anataka kumpa kipaza sauti. Wewe muulize analala wapi, na ana hasira na nani. Na ukiambiwa jambo lenye damu ndani yake, usikae nalo." Nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa sababu nilikuwa nimekuja na daftari lililojaa mipango ya mikutano ya ushuhuda.

Siku ya pili, Ijumaa. Huntington Beach

Hapa ushuhuda upo mwingi, na sitaki mtu afikiri naudharau. Christian Hosoi, aliyeshindana na Tony Hawk, mmoja wa wanaskeiti maarufu kabisa, katika miaka yao ya dhahabu, ndiye aliyebuni mtindo uitwao Christ Air, yaani Kristo angani: mtu anaruka juu ya ukingo wa ukuta, anauchomoa ubao miguuni, anatandaza mikono yote miwili kama msalaba, kisha anaurudisha ubao chini ya nyayo kabla ya kugusa ukuta. Alikuwa akiufanya miaka mingi kabla hajamfuata yule ambaye jina lake limo ndani yake. Mwaka 2000 alikamatwa uwanja wa ndege wa Honolulu akiwa na dawa za kulevya. Aliokoka akiwa mahabusu, akatoka gerezani mwaka 2004, na baadaye akawa mchungaji hapa Orange County pamoja na Jay Haizlip, naye mwanaskeiti wa zamani. Kuna pia Eddie Elguera, mmoja wa mabingwa wa mwisho wa miaka ya sabini, ambaye amechunga kanisa jangwani kule Palm Desert, na Brian Sumner, kijana wa Liverpool aliyetoka kwenye ubao akawa mhubiri.

Watu hawa wana kitu ambacho mimi sina. Wakiingia kiwanjani hakuna anayewauliza wamefuata nini.

Jioni nilijifunza hilo kwa vitendo. Mmoja wa vijana wetu, yule tunayemwita Mdogo, aliteleza vibaya akatua kwa kiganja. Nilichukua kibanio na taa, nikakaa naye ukingoni kumtoa changarawe. Chembe moja ilikuwa imezama chini ya ngozi, chini kidogo ya kidole gumba, nyeusi, na kila nilipoigusa mkono mzima ulitetemeka. Nikaona ni nafasi. Nikaanza kumwambia kwamba Mungu ana kusudi katika kila anguko. Akanitazama kwa upole kabisa: "Bado unatoa mawe, au umemaliza?"

Nikanyamaza, nikatoa lile jiwe. Alisema asante. Nadhani ile asante ndiyo iliyokuwa huduma yangu yote ya siku.

Siku ya tatu, Jumamosi. Los Angeles

Kwa asiyejua, nieleze kwanza maana ya kulipwa katika mchezo huu, maana mengine yote ya leo yamening'inia hapo. Hakuna ligi ya kukuandikisha, na medali haikupi hadhi hiyo. Unakuwa mchezaji wa kulipwa siku kampuni inapotoa ubao wenye jina lako. Kabla ya hapo unapewa viatu na mbao, pengine na posho, na unapiga video. Video ndiyo barua yako ya maombi ya kazi. Mdogo, mwenye miaka 21, aliahidiwa ubao wake mwisho wa safari hii. Alikwisha kuniambia rangi anazotaka.

Ngazi zilikuwa kumi na mbili, na katikati kuna bomba la kushikia. Alitaka kuruka juu ya bomba, ateleze nalo kwa tumbo la ubao hadi chini. Walilipaka nta. Mzee akafagia pale juu, akafagia na pale chini, akachuchumaa kutazama kama kuna kijiwe kilichobaki. Mdogo akajaribu. Akaruka pembeni. Akajaribu tena. Kila mara alipanda ngazi bila kusema neno, akirekebisha kofia yake kwa namna ile ile, vidole viwili mbele na kimoja nyuma. Niliacha kuhesabu baada ya mara ya ishirini.

Kifundo cha mguu nilikisikia kabla sijakiona.

Hapa ndipo nilipoona kazi ya kapelani ilivyo. Mzee hakukimbia. Alifika kwa hatua za kawaida, akaketi kwenye saruji karibu na kichwa cha Mdogo, goti lile bovu likiwa limenyooka mbele, akaweka kiganja kifuani pake. "Niko hapa. Shingo usiisogeze. Leo siku gani? Nani tumpigie?" Mkono wa pili aliunyoosha kwa mpiga picha, kiganja wazi, na mpiga picha akashusha kamera. Msichana alikwishapiga simu ya dharura. Kiatu kiliachwa mguuni mpaka wahudumu walipofika, kwa sababu kukivua ni kazi yao. Mimi nilishika ubao. Msasa wa juu ulikuwa umelika kwa umbo la mguu wake wa mbele, sehemu moja nyeupe yenye ukubwa wa yai.

Mzee hakusema neno la dini kwa muda wa saa tatu.

Eksirei ilionyesha mfupa umevunjika mahali pawili. Utahitaji kufungwa kwa bamba na skrubu, ila si leo. Daktari alisema uvimbe ushuke kwanza, akatoa tarehe ya upasuaji: si Jumatatu hii, ni ile ya pili, siku tisa kutoka leo. Kisha ikaja habari ya dawa za maumivu, na Mdogo, akiwa bado anatokwa na jasho, akamwambia daktari kwamba mama yake alizama katika dawa za aina hiyo na yeye anaziogopa. Alipomaliza alimtazama Mzee. Mzee akamuuliza daktari, kwa adabu, kuna njia gani nyingine. Ilikuwapo. Kwa mtu aliyetoka kwenye mchezo ambao umepoteza watu wengi kwa njia hii, swali lile lilikuwa na thamani kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka.

Siku ya nne, Jumapili. Bado hospitali

Hatukuingia kanisani. Wenzetu walikwenda kuteleza Venice, kwenye kiwanja kilichojengwa juu ya mchanga wa pwani mwaka 2009. Hawakwenda kwa kutojali. Mdogo mwenyewe aliwafukuza.

Saa sita simu ikalia. Ilikuwa kampuni. Nilikuwa chumbani na nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Sawa. Ndiyo. Naelewa. Hapana, naelewa." Akakata, akageukia ukuta. Ubao umeahirishwa. Wataongea atakapopona.

Nilimtazama Mzee nikisubiri aseme kitu. Alivuta kiti, akakaa. Dakika zikapita, kumi, ishirini. Nesi aliingia akatoka. Nilijizuia kwa nguvu zote, maana kinywani nilikuwa na aya tano tayari. Baadaye, koridoni, Mzee akanikumbusha marafiki wa Ayubu. Tunawalaumu sana, akasema, lakini mwanzo walifanya vizuri: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu. Walianza kuharibu walipofungua midomo.

Niliuliza: sasa tutafungua lini?

"Akikuuliza."

Hilo jibu bado linanisumbua. Naamini Injili ni habari, na habari husemwa. Naamini pia kwamba mtu aliyegeukia ukuta anajua kama umekuja kwa ajili yake au kwa ajili ya hesabu yako ya waliookoka. Yote mawili nayashika, na sijapata namna ya kuyalaza kitanda kimoja.

Jioni waliamua kumruhusu. Chumba anachoishi kiko ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na hana ndugu mjini. Akasema anataka kuendelea na safari. Daktari hakupenda, akakubali kwa masharti: mguu uwe juu, tusimame mara kwa mara, na asiukanyage hata mara moja.

Siku ya tano, Jumatatu. Barabara ya 5, kuelekea San Jose

Mguu wa Mdogo uko juu ya boksi la barafu, umeegeshwa kwa mito miwili. Mimi nimekaa pembeni yake kuushika kwenye kona.

Nilizungumza na mama wa yule msichana. Yeye si mtu wa kanisa. Nilimuuliza kwa nini alimkubali Mzee. Alisema siku ya kwanza Mzee alimletea karatasi ya masharti yake mwenyewe: hakai peke yake na mtoto, hapa wala kwenye simu, ujumbe wowote kwa binti unapitia kwa mama, na akishuku mtoto yeyote anadhulumiwa atatoa taarifa. Hilo la mwisho sheria ya California inalitaka pia, inawahesabu viongozi wa dini miongoni mwa wanaowajibika kuripoti. Mama akasema: "Makocha wawili kabla yake hawakuniandikia chochote."

Mchezo huu umekuwa wa watoto, na makanisa hayajalitafakari vya kutosha. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, katika shindano la wanawake la mtaani, lile la ngazi na mabomba, aliyepata dhahabu alikuwa na miaka 13, wa fedha 13, wa shaba 16. Yule wa fedha ni Rayssa Leal wa Brazili. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 aliitazama kamera akasema kwa lugha ya alama kwamba Yesu ni njia, kweli na uzima, akaondoka na shaba. Watu walibishana, kwa kuwa Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inakataza propaganda za kidini viwanjani. Mimi nilishangilia, na ningeshangilia tena. Ila alikuwa na miaka 16, na najua ni sura ngapi za watu wazima hukaa nyuma ya mtoto wa namna hiyo, kila mmoja na lake. Kapelani asiwe mmojawapo.

Siku ya sita, Jumanne. San Francisco

Asubuhi San Jose, saa moja tu kiwanjani. Mchana tulikuwa kando ya maji San Francisco, ambako Juni 27, 1999, Tony Hawk alizunguka hewani mara mbili na nusu, nyuzi 900, kwa mara ya kwanza kwenye mashindano. Alianguka mara kumi na zaidi kabla ya kuupata, na muda wa shindano ulikuwa umekwisha. Mzee anapenda sehemu ile ambayo wenzake, waliokuwa wakishindana naye, walisimama wakigonga mbao zao ukutani wampe moyo.

Mwanaskeiti wetu mrefu, asiyeamini Mungu na anayelisema hilo wazi, alinitafuta baada ya chakula. Aliuliza kama kapelani anaruhusiwa kusikiliza mtu asiyetaka kuombewa. Nikasema ndiyo. Tukatembea. Alikuwa na rafiki aliyejiua. Alinitajia pia Ben Raemers, mwanaskeiti wa Uingereza aliyefariki kwa namna hiyo mwaka 2019. Kwa jina lake kukaanzishwa taasisi ya kuzungumzia afya ya akili kati ya wanaskeiti. Alisema mara nyingine haoni sababu ya kuamka.

Nilimuuliza moja kwa moja, kama Mzee alivyonifundisha: unafikiria kujiua? Sauti yangu ilitetemeka. Alisema sasa hivi hapana, mwezi wa pili ndiyo. Nikamwambia sitalibeba hili peke yangu, nikamuuliza kama twende pamoja kwa Mzee. Tulikwenda. Usiku ule walikaa wawili garini wakatafuta mshauri wa kitaalamu, wakapanga siku ya kuonana naye kwa video. Mzee alikaa nje ya mlango wa gari wakati kijana akiandika majibu ya fomu. Namba ya simu ya nchi hii kwa anayefikiria kujiua, 988, ameiandika kwa kalamu nyeusi ndani ya kifuniko cha sanduku la dawa, mahali ambapo kila anayetafuta plasta lazima aione.

Siku ya saba, Jumatano. Njiani

Kilomita kama elfu moja. Mvua kutoka mpakani mwa Oregon. Tulisimama mara tisa kwa ajili ya mguu. Mdogo hakusema mengi, ila alimfundisha mama wa msichana kubadilisha beringi za gurudumu, na mama akafaulu.

Siku ya nane, Alhamisi. Portland

Tangu mwaka 1987 kuna huduma katika mji huu iitwayo Skatechurch, iliyoanza kwa vijana kuteleza kwenye maegesho ya kanisa. Ni kati ya kongwe za aina yake. Mpango wake ni rahisi: teleza, sikiliza neno kidogo, teleza tena. Nilikuwa na shaka na mpango huo, maana unaweza kufanana na chambo. Kilichonitoa shaka ni miaka. Chambo hakikai karibu miongo minne mahali pamoja, kikiwaona watoto wakiwa wazazi.

Usiku tulikwenda Burnside. Chini ya daraja, mwaka 1990, wanaskeiti walianza kumwaga saruji wenyewe bila kibali cha mtu yeyote, na jiji likaja kuwaruhusu baadaye. Mvua hainyeshi pale isipokuwa kwenye kingo, ambako maji huchuruzika na kuingia kwenye mashimo. Kuta ni kali, na kelele ya magari juu inachanganyika na mlio wa magurudumu chini mpaka unaisikia kifuani.

Nilifagia maji. Hakuna aliyeniomba. Kila nilipoyasukuma yalirudi, nikaendelea, na baada ya muda kijana mmoja nisiyemjua akaja na ndoo.

Mdogo alikuwa kwenye kiti cha kukunja, magongo yameegemezwa kwenye nguzo. Nilipokwenda kukaa karibu naye aliendelea kutazama kuta. Kisha akauliza: "Unaamini kweli kwamba anasikia, hata kwa kelele hii?"

Nikasema naamini.

"Basi omba. Ila usiombe nipone haraka, nimechoka na haraka. Omba nilale. Sijalala tangu Jumamosi."

Nikaomba alale. Ilikuwa sentensi moja. Nilipofumbua macho alikuwa amevua kofia, vidole viwili mbele, kimoja nyuma, ameiweka juu ya plasta ya mguu.

Kesho tunageuza gari. Upasuaji ni Jumatatu, Los Angeles. Mzee ataendesha, na mimi nimeomba kiti cha nyuma, cha kushika mguu kwenye kona.